Ampli Isiyokuwa na Chumvi

Kamina, Oktoba 1988

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Basile,

Pokea salamu za moyo kutoka kwangu mdogo wako Salomé na kwa wote wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la Luena kimekuacha. Sisi tuko salama, Mungu asifiwe. Mvua imeanza, mihogo imepata nguvu, na sabuni uliyompa kondakta wa treni ilifika, ila kipande kimoja kimepungua. Nadhani kondakta alikiogea mwenyewe.

Papa anakula, anatembea, anagombana na kuku. Lakini habari ninayotaka kukupa inamhusu yeye, kwa hiyo kaa chini uisome hadi mwisho. Nakujua, Yaya. Ukiona tu nimeandika neno Jumapili utataka kuikunja. Usiikunje.

Wazee wake wa Jumapili bado wanakuja baada ya misa, umeme ukiwepo. Siku hizi wamebaki Badibanga, karani wa duka la vitambaa, na Adjudant Likoke wa kule base ya jeshi, yule mtu wa Équateur anayecheka hadi tumbo linatikisika. Desturi ni ile ile: kila mtu anakuja na muziki wake, hakuna ruhusa hata ya kukohoa mpaka upande wa kaseti uishe, kisha kila mmoja anasema alivyoonja. Maana kwao sauti ni chakula. Ile nyembamba ya juu, ya matoazi na kengele, ndiyo chumvi. Ya katikati, anapokaa mwimbaji, ni nyama. Ya chini kabisa, ya besi, ni mafuta. Mashine yaweza kuwa mbichi, yaweza kuungua, yaweza kutoa moshi. Mimi nawapelekea karanga na kucheka kimoyomoyo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao awezaye kusonga hata bukari ya unga. Papa husema mwisho, amefumba macho, kiganja juu ya ubao wa baffle, lile sanduku la spika, na akishasema hakuna rufaa.

Wewe unalijua hilo kuliko yeyote. Sijasahau siku walipopiga kaseti ya kwaya yetu, besi ukiimba wewe, nawe umekaa pale na shati jipya ukingoja sifa, Papa akakuhukumu mbele za watu kana kwamba wewe ni baffle ya kuuzwa sokoni: "Hii sauti iko mafuta tupu. Haina na nyama. Iko pipa yenye kubingirika." Wakacheka. Ukapanda treni ya Luena, na tangu hapo sabuni yako tunaipata, wewe hatukupati.

Basi Jumapili iliyopita Likoke alifika na mashine mpya aliyoletewa kutoka Ulaya: ampli ya kukuza sauti, nyeusi, nyembamba, pamoja na kile chombo cha kusoma diski ndogo za kung'aa. Badibanga aliichukia kabla haijawashwa. Alisema mashine za kisasa zote ni safi kama hospitali, kila kitu kinaonekana lakini hakuna anayetaka kulala humo. Likoke akamjibu kwamba amezoea moshi wa ampli ya Papa, ile ya zamani yenye taa za kioo ndani yake, hadi anauita joto. Walikuwa na raha kweli kweli.

Ilipowashwa, Yaya, chumvi niliisikia kwenye meno nikiwa jikoni! Matoazi yalikata kama wembe mpya. Badibanga aliziba sikio moja. Likoke mwenyewe alikiri, kwa shingo upande, kwamba labda imezidi kidogo. Wakamgeukia Papa, naye akafumbua macho, akatoa hukumu: "Iko muzuri, lakini haina na chumvi. Hata kidogo."

Walidhani anatania. Badibanga akazungusha kifungo cha chumvi hadi mwisho wake, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Papa, mkono bado juu ya ubao, akatikisa kichwa, akasema bado. Hapo hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa mlangoni na sahani ya karanga, na mambo mengi yakanijia kwa pamoja. Mwaka huu alisema nyenje wameikimbia Kamina, nami nikadhani ni utani wake, kwa maana wanapiga kelele hadi kichwa kinauma. Birika hupiga filimbi hadi maji yanakauka, naye ameketi kando yake.

Likoke, Mungu ambariki, alizima mashine, akasema Mzee hajakosea, atampelekea fundi aitie chumvi. Badibanga alifungua kinywa, akakanyagwa mguu, akakifunga. Nilipowasindikiza, Likoke alinieleza polepole kwamba ameyaona hayo kwa askari wa mizinga: sauti za juu hutangulia kuondoka masikioni, za chini hufuata. Papa hakupiga mizinga, lakini ujana wake wote aliumaliza akigonga chuma katika karakana ya reli.

Nikarudi, nikakaa mbele yake, nikamuuliza waziwazi. Alitaka kukasirika, ikamshinda. Akasema anajua tangu kabla ya Pasaka. Alikuwa anahukumu kwa kiganja na kwa nyuso za wenzake, akizichungulia chini ya kope: wakikunja uso, chumvi imezidi. Jumapili ile alifumba macho kabisa kwa mazoea ya zamani, ndiyo maana alikosea. Kisha akaniambia: "Hata weye, Salomé, minyi nakuangaliaka kinywa tu. Sauti yako ilishaondoka." Nililia, Yaya. Sauti yangu unaijua, ni chumvi tupu.

Akaniuliza kama bado unaimba. Nilipomjibu kwamba unaimba katika kwaya ya huko Luena, aliinuka, akatoa kaseti kwenye mfuko wa koti lake. Ni ile ile ya kwaya yetu. Kumbe nikienda sokoni huipiga peke yake. Aliiweka, akashika ubao, akanieleza jinsi walivyomwacha mmoja mmoja: kwanza kina mama wa sauti ya kwanza, nikiwemo mimi, kisha wa sauti ya pili, kisha vijana wa sauti ya tatu. "Bote balishaenda," akasema. "Basile njo mwenye kubakia."

Nilimwambia nitakuandikia. Alinikataza. Alisema mtu aliyekuita pipa hana kinywa cha kukuita nyumbani. Nimemtii hadi leo asubuhi, na leo asubuhi nimechoka kumtii.

Njoo, Yaya. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako na moyo wako. Nakuomba uje kabla mafuta nayo hayajaisha, kwa kuwa Likoke hakunificha kwamba nayo huisha. Usitume habari. Pitia mlango wa jikoni. Papa atakuwa kibarazani, ametazama barabara, mgongo kwako. Sisi wengine siku hizi tunazunguka hadi mbele ya uso wake ndipo tuongee, maana akiitwa kutoka nyuma hageuki. Wewe usizunguke. Simama nyuma ya kiti chake, umwite.

Nisalimie shemeji na watoto, na wale wa kwaya yenu wanaonikumbuka. Badibanga na Adjudant Likoke wanakusalimu sana. Papa hakutumi salamu, kwa kuwa hajui kama ninaandika. Zake utakuja kuzichukua mwenyewe.

Bakia na amani ya Bwana,

mimi mdogo wako,
Salomé Ngoie