Kifuniko Ulichokishona Hakina Kosa

Ndabibi,
S.L.P. 94,
Naivasha.

19 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Cheptoo,

Bwana asifiwe. Unaendeleaje na joto la Doha? Je, ule mgongo uliokusumbua mwezi wa Juni umepona? Sisi huku tunavaa sweta mpaka saa nne asubuhi. Mama ni mzima, Baba ni mzima, na Kibii mdogo ameota jino la pili, anamng'ata kila anayembeba. Ng'ombe wako bado anatoa maziwa kuliko wenzake, na bado anapiga teke.

Nimekuandikia kwa sababu simu ya Baba husikika nyumba nzima, na jambo hili siwezi kulisema kwa sauti. Akikupigia Jumapili atakuambia kwamba kifuniko cha ngozi ulichokishonea kibuyu kabla hujasafiri kimelegea, na kwamba kilimwaibisha mbele ya watu. Shangazi, usimwamini. Kifuniko chako hakina kosa. Kosa ni langu.

Unaikumbuka ile hoteli ya mapumziko juu mlimani Eburru, ambako Baba hupeleka maziwa kwa pikipiki kila asubuhi? Mwaka huu imetimiza miaka kumi. Meneja, Bwana Wamalwa, akawaalika wote wanaoiuzia chakula walale siku mbili bure, kila mmoja na mtu wake. Mama hakuweza kuwaacha mtoto na ng'ombe, akasema niende mimi. Nilifurahi, nikatia vitabu vitatu kwenye begi.

Baba yeye alibeba kibuyu. Mama alikuwa amekipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet na kukijaza mursik, maziwa yetu ya mgando, maana kwetu mtu haendi kulala kwa mwenzake mikono mitupu. Baba alipanga kuinywa na meneja Jumapili mchana, ndipo tuage.

Aibu ilinianza tulipofika. Kwa mazoea Baba aliielekeza pikipiki kwenye mlango wa jikoni. Mlinzi akamwita, "Mzee, leo si unaingia na mbele?"

"Ai, boss, hii pikipiki inajua njia moja tu," Baba akajibu, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona Joyline wa darasa letu akishuka kwenye gari na wazazi wake.

Jumamosi wakati wa chakula cha mchana Joyline alikuja mezani kwetu kunisalimia, pamoja na mdogo wake, Travis. Baba alikuwa amemimina mursik kidogo aonje kama imeiva, na kikombe kilikuwa pale, kijivu cha ule mkaa kikionekana wazi juu ya kitambaa cheupe.

"Joy, wanakunywa simiti!" Travis akapaza sauti. Watu wa meza ya pili wakageuka. Joyline aliziba mdomo, lakini macho yalicheka.

"Kuja uonje, kijana," Baba akamwambia. "Hii simiti ndio inajenga mifupa." Alikuwa amefurahi kabisa. Mimi nilitazama sahani yangu. Shuleni tayari wananiita Maktaba; nikaliona jina la Simiti likinisubiri muhula wa tatu.

Jumapili asubuhi Baba alipoingia kuoga, nilikifungua kifuniko. Kilikuwa kimekaza hata nikatumia meno. Nikamwaga mursik kwenye maua nyuma ya chumba. Niliyobakiza kidogo nikainyunyiza juu ya sweta yake ndani ya begi, kisha nikakilaza kibuyu hapo, ionekane kimevuja chenyewe. Wewe unajua maziwa yanavyoheshimiwa kwetu. Mama huikung'uta ndoo mpaka tone la mwisho.

Mchana Bwana Wamalwa alikuja na bilauri sita kwenye sinia. "Mzee Kiptum, leo ndiyo leo! Hata wapishi wangu wamekataa soda, wanakungoja wewe."

Baba alisimama. Alikuwa amevaa sweta ile ile, kwa kuwa hakubeba nyingine. Alikuwa ameisugua kwa maji, doa likazidi kutanda. "Meneja, nisamehe," alisema. "Miaka kumi nimekuletea maziwa. Siku umeniita kama mgeni, nimekuja mikono mitupu."

Meneja akasema haidhuru, akazirudisha bilauri. Joyline akanisogelea, na safari hii hakuwa anacheka. "Na vile babangu alikuwa anaingoja! Hajaonja mursik tangu atoke kwao Kericho."

Kwa kawaida Baba huimba akiendesha pikipiki. Siku hiyo tulishuka mlima wote kwa mlio wa injini tu, nami nimemshika kiunoni, nikisikia harufu ya maziwa kwenye ile sweta. Nyumbani alikitundika kibuyu msumarini. "Kifuniko ya Cheptoo imezeeka," alimwambia Mama. Hakijateremshwa tangu hapo.

Nimesoma vitabu vingi ambamo watu wanakiri makosa yao, na sikuzote niliona ni kazi ya ukurasa mmoja tu. Barua hii nimeichana mara nne. Uso kwa uso nimejaribu tukiwa zizini, jana na juzi, nikaishia kuuliza kama mvua itanyesha.

Kama ilivyo desturi yetu, nimeacha nafasi chini ya jina langu ili Baba aongeze salamu zake kabla ya kuipeleka posta Naivasha. Unajua yeye husoma kila neno kwanza, kidole kikifuata mstari. Bahasha sijaifunga.

Nisalimie Nangila mnayekaa naye chumba kimoja. Kitabu alichonitumia nimekimaliza. Mama anakusalimu sana, na Jonah wa duka anauliza utarudi lini. Mungu akutunze ugenini, na siku utakayorudi ukikute kibuyu chako kimejaa.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayekuomba radhi,

Jepkemei

Cheptoo, hujambo. Nimesoma yote. Kifuniko yako iko sawa, nililaumu kazi yako bure. Huyu atakamua ile ng'ombe yako ya mateke mpaka shule ifunguliwe. Jumamosi tunapelekea meneja kibuyu, imejaa, na yeye ndiye atabeba. Tutaingia na mlango ya mbele. Kiptum.