Samson Bado Hajarudi

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Mei, 2024

Mpendwa dada Jacqueline,

Shikamoo. Habari za Windhoek, baridi imeshaanza? Na shangazi Severa, macho yanaendeleaje tangu wamfanyie upasuaji? Sisi huku tu wazima, ila mvua imetuchosha.

Ombi lako nimelipata, kwamba nikutafutie hadithi nzuri ambazo mashabiki wameandika kuendeleza ile tamthilia ya redio, umsomee shangazi. Naelewa. Tangu iishe bila Samson kurudi kwao, shangazi wa watu hana raha.

Dada, zipo nyingi mno. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu ni mwandishi. Nilianza na zile zinazosifiwa sana, nikakuta Samson amekuwa tajiri wa Dubai, sijui ana wake watatu. Huyo si Samson wetu. Nikaachana na sifa, nikawa nawauliza wateja wangu wa viatu ni ipi waliyoisoma wakairudia tena. Wakinitajia, naangalia kama watu wanaongea vile walivyokuwa wakiongea redioni. Nyingi ziliishia hapo.

Ikabaki moja, alinitumia Fortunata wa duka la vitenge. Niliisoma nikalia mbele ya wateja. Mama yake Samson kila jioni anapika cha mtu mmoja zaidi, anakifunika, asubuhi anakigawa kwa majirani bila kusema neno. Lakini imekatika Samson akiwa ameshuka stendi, anaulizia njia ya kwao.

Nikamtafuta mwandishi. Kumbe ni Anifa, anauza zipu na vifungo mtaa wa pili tu. Nikamfuata na furaha yangu yote, nikamweleza habari za shangazi, nikamwomba amalizie hata kwa kifupi. Alinisikiliza huku anapanga vifungo. Kisha akaniambia kuwa mdogo wake, Uwesu, alichukuliwa na maji ya mafuriko kwenye bonde la Jangwani mwezi uliopita, na mpaka leo hajaonekana.

"Kila nikishika simu nimfikishe Samson mlangoni, namwona mama ananiangalia," alisema. "Mama yangu mimi. Siwezi, dada."

Nikanunua zipu nisiyokuwa na kazi nayo, nikaondoka.

Basi nakutumia ilivyo. Sijaona nyingine ya kuifikia, na hizo zenye mwisho siwezi kukuambia umsomee mtu unayempenda. Ila mkifika pale stendi, shangazi atakuuliza kilichofuata. Nimewaza nikutumie jibu gani, nimeshindwa.

Jana nilipita tena kwa Anifa. Mama yake siku hizi anashinda naye dukani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamtazama kila anayepita.

Msalimie sana shemeji Zakayo na watoto. Baba anawasalimu, Fortunata pia. Mungu awatunze huko ugenini, ampe shangazi nuru ya macho yake. Na kwenye sala zenu mtajeni Uwesu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka,
Hyasinta