Mama, Sikuuona Uso Wako

Mama uliyenisuka,

Mwenzangu kazini ananisumbua tangu Jumatatu. Filamu yetu ya katuni, ile ya yaliyokupata wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, imekamilika ila uso wako. Ananiuliza, filamu gani ya mama isiyo na uso wa mama? Nimechora, nimechana, nimechora tena. Zote uongo mtupu. Na kesho ndiyo inaonyeshwa.

Unakumbuka Jumamosi zetu Buruburu, miaka ya sabini ikiyoyoma? Wewe kitini, mimi sakafuni katikati ya magoti yako, nimeshika kitana na uzi mweusi. Nilikuwa mbishi, nageukageuka, nawe unanifinya sikio. Siku moja vijana walikuwa na mechi uwanjani. Refa akapuliza filimbi. Mikono yako ikakaza nywele zangu hadi nikalia.

Hukunipa pole. Ulianza tu kusema, kwa sauti ya chini, kwamba filimbi ndiyo iliyowatoa nyumbani alfajiri, wanawake wa kijiji kizima, mkachimbe handaki. Kwamba mgongoni ulikuwa na mtoto, dada yangu, ambaye sikujua hata kama aliwahi kuzaliwa. Alikuwa mgonjwa, na askari alikukataza kumnyonyesha mpaka filimbi ya jioni.

"Aliacha kulia," ulisema. "Nikashukuru. Nikadhani amelala."

Jamani, Mama. Nikataka kugeuka. Ukakishika kichwa changu kwa mikono miwili.

"Tazama mbele. Ukinitazama sitamaliza."

Ukamaliza hadithi, ukamaliza na nywele. Nilipoinuka ulikuwa umeshaingia jikoni, unapika chai. Hukuitaja tena hadi tunakuzika, na kusema kweli bado nina hasira nawe kwa hilo.

Leo nimemwambia mwenzangu aache kelele. Uso haupo kwa sababu sikuuona. Watu wataona nilichokiona mimi: ukuta wetu, kalenda ya kanisa, vidole vyako vikipita na uzi. Filimbi ikilia, vidole vinasimama.

Kesho Mama Njoki, mliyechimba naye, atakuja ukumbini na wenzake waliobaki. Naogopa, Mama. Huenda wakasema nimewaanika. Huenda wakaondoka. Nimewapangia viti, nami nitaketi sakafuni mbele yao. Nikisikia lolote nyuma yangu, sitageuka. Wacha wamalize.

Ni mimi,
binti yako mbishi