Bluu Kwenye Majani Makavu

Jumatatu, 4 Februari 1957

Bomba la kupulizia dawa bado linavuja begani. Nimebadilisha kipande cha ngozi, nimepaka grisi. Shati limelowa. Maji matupu, bahati yangu, dawa bado. Siku nzima ni kupima: hatua ishirini uwanjani pa kituo cha kilimo, mkono mmoja unapampu, jicho kwenye mdomo wa bomba. Unatawanya mno. Nimekata kopo la maziwa, nikaufunika mdomo kama kofia. Sasa maji yanaanguka mahali pamoja, upana wa sahani.

Bwana Shamba Mzungu ameridhika. Anataka gugu lipate dawa, mhogo ulio kando yake usipate. Keshokutwa shamba la mfano, kijijini Mkunya, kwa wakwe zangu. Nimelichagua mwenyewe. Waone kwamba mkwe wao hakusomea kushika kalamu tu.

Jumatano, 6 Februari

Wanawake wamepandisha maji kutoka bondeni, kichwani, asubuhi nzima. Mmoja akauliza kama kweli leo tunanywesha magugu. Wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini iliniuma.

Nimetia bluu ya kufulia ndani ya dawa. Wazo langu. Mahali palipopuliziwa panaonekana, hurudii mara mbili. Nimekwenda doa kwa doa kati ya mikorosho michanga. Hakuna jani la mhogo lililoguswa.

Nimetangaza: penye bluu msichume mboga, msifunge mbuzi. Dawa hii inaua. Mama mkwe nimempelekea maneno kwa mke wangu, Agnesi. Sisemi naye ana kwa ana, na jikoni kwake sijakanyaga tangu nioe. Ndiyo adabu ya ukwe kwetu. Amejibu kwamba amesikia.

Jumapili, 10 Februari

Kanisani, kisha moja kwa moja shambani. Magugu yote yamekauka. Mhogo kijani, umesimama. Hakuna hata tone la mvua tangu Jumatano. Mjomba wa Agnesi, mkubwa wa ukoo wao, amenishika mkono mbele za watu. Nimefurahi kupita kiasi. Sioni haya kuandika.

Jumanne, 12 Februari

Ripoti. Baada ya Mkunya ni Mnyambe, amesema Bwana Shamba. Nimepitia shambani jioni. Madoa kadhaa yako wazi, majani makavu hayapo. Mchwa, bila shaka.

Alhamisi, 14 Februari

Mama mkwe anatapika tangu alfajiri. Anaharisha maji. Tumbo linamkata, miguu inakakamaa. Wanaume wanne wamembeba kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali.

Nimemhoji Agnesi kama polisi. Mama yake alikula nini? Ugali na mlenda. Mlenda wa wapi? Wa uani, Agnesi aliuchuma kwa mkono wake, hauna bluu. Mama yake alipika mwenyewe, akala peke yake. Nimeshusha pumzi. Basi si dawa yangu. Majirani wanasema jicho baya. Wajinga.

Ijumaa, 15 Februari

Mikono bado ina udongo. Naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda kumchukulia mama mkwe nguo za hospitali. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikasimama. Nikaingia. Mungu anisamehe, nikaingia.

Chungu chenye matundu chini, kimejaa majivu. Maji yanapita, yanadondoka kwenye bakuli. Magadi. Magadi ya kulainishia mlenda, kila mama hapa anayatengeneza. Mama yangu aliyatengeneza. Nimeyala tangu sijaota meno. Na ukutani, furushi la majani makavu yanayongoja kuchomwa. Nikalivuta kwenye mwanga.

Bluu.

Yamekauka vizuri, yako karibu, hayahitaji kukatwa. Nani asingeyachukua? Dawa hii ni sumu ya madini, moto hauiui. Imebaki kwenye majivu. Mimi nimefundishwa hayo. Mimi.

Nimekimbia nyumba kwa nyumba. Sikubisha hodi. Nyumba tatu zina majani yangu. Mbili walikuwa hawajayachoma. Ya tatu magadi yalikuwa yameshatiwa sufuriani, mlenda unachemka, watoto wamekaa. Nimeipiga teke sufuria. Mwenye nyumba aliinua mchi anipige. Sikumlaumu. Nimemwaga kila kitu shimoni, nikafukia.

Jumamosi, 16 Februari

Nimemweleza daktari. Amesema tumechelewa kumleta, na kwamba atajaribu.

Mama mkwe mikono imekufa ganzi. Agnesi anamshikia kikombe. Nilisimama mlangoni, uso chini, kama inavyotakiwa. Akaniita. Mwenyewe, kwa mdomo wake, mara ya kwanza katika miaka sita.

"Baba Editha, uliniambia nisichume mboga. Sikuchuma."

Hakukasirika. Alitaka nijue tu kwamba alitii. Nimetoka nje nikalia hadharani, mtu mzima.

Jumapili, 17 Februari

Amefariki asubuhi, kengele ya kwanza ya ibada ikigongwa.

Jumatatu, 18 Februari

Tumezika. Kabla ya kwenda makaburini nilisema yote mbele ya ukoo. Agnesi alikuwa ameshaanza kusikia minong'ono ya uchawi, na jina la mwanamke mmoja mpweke lilikuwa likitajwa. Sikuweza kunyamaza. Nilisema ni mimi, dawa yangu, bluu yangu, tangazo langu la mboga na mbuzi lililosahau magadi.

Nilidhani nitapigwa. Ingekuwa afadhali. Mjomba akasema, "Mzungu angesema hakujua mila. Wewe ungesema nini?"

 

Jumamosi, 23 Februari

Bwana Shamba ameandika kwenye ripoti kwamba wenyeji hawakufuata maelekezo. Nimekataa kutia sahihi. Amenitazama kama kichaa. Mnyambe atakwenda mwingine. Nimemwandikia huyo mwingine ukurasa mzima kuhusu majivu.

Jumapili, 24 Februari

Mvua imerudi. Magugu mapya yameanza kuchomoza kwenye madoa. Nimeyang'oa kwa jembe, kwa mkono, nikayafukia mbali.

Jioni Agnesi ametenga chakula. Kawaida ananiwekea, kisha anarudi jikoni kula na Editha. Leo wamekaa hapa hapa, mbele yangu. Ugali, kisamvu kilicholainishwa kwa magadi. Amemshika Editha mkono usifike kwenye sahani, akaniangalia, akangoja nianze mimi.

Nimeanza.