Kelele Iliyomfukuzisha Kazi Josephati

Shangazi Germana mpendwa, nakuomba unisaidie maana sina pa kukimbilia, hata padri nimeshindwa kumwambia, mimi ni dereva wa meneja wa shamba moja la kahawa huku Karatu, nina mke na watoto wanne, na gari ninaloendesha lina mtambo wa hewa baridi, ambao kwa kweli huku kwetu hakuna anayeuwasha, Juni hii tunavaa makoti mpaka saa tano, unawashwa tu tukishateremka kuelekea Mto wa Mbu ambako joto ni kali.

Shangazi, mama yangu analima maharage Mbulumbulu, na dada yangu Bernadina yuko Mto wa Mbu ambako chakula mwaka huu ni shida, na kupitisha mazao kwenye kizuizi cha barabarani bila kibali ni kesi, basi nikawa kila safari natia kimfuko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mahali ambapo askari hawafiki, mpaka siku moja nikakivuta kwa haraka kikachanika, maharage yakamwagikia ndani, nikaokota niliyoyaona nikanyamaza. Safari iliyofuata meneja akawasha hewa baridi, ikaanza kwara-kwara-kwara kama mtu anapepeta kwenye ungo, akaniambia, "Mwambie Josephati hewa baridi inapiga kelele, aifungue." Josephati ndiye fundi wetu, mtu wa Singida, mpole, ndiye aliyenifundisha kubadili gia mlimani, na mimi kwa kuogopa asije akafungua akayakuta nikamwambia tu kwamba gari lina kelele, basi maskini akasikiliza injini mchana kutwa, akasema, "Mbona zima hili, ndugu yangu?"

Tukateremka tena, kelele ikawa maradufu, na ganda la haragwe likaruka kutoka kwenye tundu la hewa likamwangukia meneja kwenye suruali, akalipangusa akidhani ni takataka, mimi jasho linanitoka na ubaridi wote ule. Tuliporudi akasema Josephati ameuza kompresa nzuri ya ule mtambo wa baridi akafunga mbovu, na kwa jinsi vipuri vilivyo adimu siku hizi kila mtu akaamini, akamwachisha kazi, ahame nyumba ya shamba mwisho wa mwezi yeye na mkewe Scholastika, ambaye ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo.

Jana Josephati alinifuata akaniambia, "Usiwashe ule ubaridi, utaunguza feni, halafu watakusingizia na wewe." Shangazi, nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Nikisema nafukuzwa, labda na kufungwa. Nisiposema, anaondoka na jina la mwizi na hakuna shamba litakalomchukua, na mwenyewe siwezi kuyatoa kwa siri kwa sababu anayejua kufungua ile dashibodi ni yeye peke yake. Sili, silali, nimechoka kuishi hivi. Gazeti lako nalipokea mimi kwenye basi kila Jumamosi nimpelekee meneja, na huwa nakusoma njiani. Nifanyeje? Tafadhali sana usitaje jina langu.

Dereva, Karatu

Dereva wa Karatu,

Pole. Nakuonea huruma, nasema kweli. Ulitaka dada yako ale, na kwa hilo sitakugombeza. Lakini usinililie maharage. Fundi wako alikuuliza, rafiki yako, nawe ukamziba masikio kwa makusudi, kisha ukatazama anafukuzwa. Hapo umenikasirisha.

Nimemuuliza fundi mmoja hapa mjini. Anasema gari likiwa limesimama, washa swichi bila kuwasha injini, halafu washa feni peke yake. Injini ikiwa imezimwa kompresa haizunguki, kwa hiyo kelele ikitokea hapo iko kwenye feni. Tena wewe mwenyewe umeandika kwamba ubaridi ulikuwa unatoka vizuri. Kompresa iliyouzwa inatoaje baridi? Ulikuwa na ushahidi wa kumwokoa mwenzako usoni pako, ukaendelea kufuta jasho.

Fanya hivyo mbele ya meneja. Josephati awepo, yeye ndiye aifungue dashibodi kwa bisibisi yake, meneja aone maharage yakimwagika. Yametoka wapi, useme wewe, kabla hujaulizwa.

Utafukuzwa? Inawezekana sana, na la kizuizini linaweza kukuletea makubwa zaidi. Sitakudanganya. Mwambie mkeo leo, ajiandae. Ila wewe una mama Mbulumbulu na shamba la kushika jembe. Josephati hapo Karatu hana hata tuta moja, ana jina lake tu, na hilo umemnyang'anya.

Barua yako imenifikia tarehe ishirini na mbili, nami nimeomba iingie toleo hili hili kabla mwezi haujaisha. Uliniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. La Josephati uliliandika wewe mwenyewe, nami nimeliacha makusudi, wenzake walisome.

Jumamosi utalipokea gazeti hili kwenye basi kama kawaida. Ukitaka kulificha, nyuma ya kisanduku kuna nafasi, unaijua. Mimi nakuagiza ulipeleke mezani kwa meneja, umfungulie ukurasa huu, na akianza kusoma usitoke ofisini.