Mgeni Apewe Penye Upepo

Jumatatu, 3 Februari

Tk. Mlio wa stebulaiza ya kiyoyozi umenifuata kutoka maabara hadi nyumbani Makorora. Nimekula nao, nimeoga nao.

Mashine ya kupimia vyakula bado haijatulia. Mstari wake kwenye skrini unatakiwa ulale kama uzi, uinuke kilima pale tu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, inapopita. Wangu unapanda na kushuka bila sababu. Nimebadilisha taa yake ya ndani. Nimetoa hewa upya kwenye methanoli inayosukuma sampuli. Wapi. Bi Zuhura, mkubwa wangu kazini, kapita nyuma yangu: "Mwenzangu, mstari wako unacheza mdumange." Nimecheka. Sikupenda.

Jumanne, 4 Februari

Sampuli ni unga wa lishe wa Mama Mwajuma wa Maramba. Mahindi na karanga, kwa watoto wanaoanzishiwa uji. Penye sumukuvu pana kilima kidogo. Au ni wimbi tu. Siwezi kusema. Pampu nimeifungua, valvu nimesafisha. Mawimbi yale yale. Mgongo unauma.

Jumatano, 5 Februari

Mama Mwajuma kapiga simu tena. Unga umeshafungwa, unangoja majibu yetu ugawiwe kina mama wa kule. Mkuu wa maabara anayataka Ijumaa.

"Binti," mkuu akaniambia, "kama huoni kitu, andika haikuonekana."

Nikamjibu sawa. Sawa gani? Kutoonekana na kutokuwepo si kitu kimoja. Najichukia kwa ile sawa.

Alhamisi, 6 Februari

Tk. Mstari ukashuka. Tk. Ukapanda. Nimekaa mdomo wazi.

Siku zote nausikia mlio ule, sikuunganisha. Kiyoyozi kikiwaka, baridi inaipiga detekta, jicho la mashine, usoni. Kikipumzika, joto linarudi. Mstari unafuata.

Mashine ilipoletwa, Bi Zuhura ndiye aliyesema iwekwe chini ya kiyoyozi. Sisi tukajibana dirishani, juani. Mgeni apewe penye upepo. Hata mimi niliona ndiyo adabu. Nilipomwambia leo, akashika kiuno: "Kumbe tumempa mgeni mafua!"

Tukakizima. Chumba kikawa tanuri. Tukangoja joto litulie, mstari ukalala. Nikapitisha unga.

Kilima kipo. Nikarudia. Kipo, kirefu kuliko kinavyoruhusiwa.

Nilitamani kiondoke na mawimbi. Huo ndio ukweli. Nimechoka, na nilitaka unga uwe mzuri.

Ijumaa, 7 Februari

Nilimpigia Mama Mwajuma asubuhi, kabla mkuu hajafika. Shikamoo, kisha nikamwambia asigawe hata kijiko. Akauliza: "Na mjukuu wangu, mwanangu? Anaunywa uji wake tangu juzi." Nikamwambia aache leo hii, ampeleke zahanati wakamtazame. Akasema haya. Hakukata simu. Nami sikukata.

Joto kali. Kiyoyozi kimya.

Majibu nimeyaweka mezani kwa mkuu, na sahihi yangu chini. Nimeandika: imeonekana.