Bakuli la Mama Halirudi Pangani

Gendabi, Hanang

Mdogo wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Natumaini mguu wako umepona na nyumba nzima huko Pangani mnaamka salama. Mimi mapafu yanakwisha. Muuguzi wa zahanati hanifichi, nami sikumwomba anifiche. Naandika nimeegemea mito, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Halafu bahasha zako bado unaziandika Arusha. Siku hizi sisi ni Mkoa wa Manyara.

Umeniomba nikutumie bakuli la mama kabla sijafa, kwa kuwa mnunuzi wa hoteli ya watalii analitaka, mradi liwe la Kichina halisi na liwe zima. Jibu langu ni hapana. Si la Kichina, si zima, na silitumi.

Najua utasema babu alisema ni la Kichina. Babu alidanganywa na michoro. Nilipokuwa chuo kikuu, likizo moja niliosha vigae vya magofuni pamoja na walimu wetu, na huko ndiko nilikojifunza kutazama kitako cha chombo. Letu pale kitako kilipomeguka tangu zamani ni chengachenga kama sukari. Kauri ya China humeguka laini kama kioo. Bakuli letu lilifinyangwa Uajemi. Wafinyanzi wa huko waliona vyombo vya China vinapendwa, na ule udongo mweupe hawakuwa nao. Wakasaga mawe meupe, wakachanganya na unga wa kioo na udongo kidogo, wakachora ndege korongo na mawingu ya Kichina, na chini wakaweka muhuri wa Kichina ambao Mchina hawezi kuusoma. Na ile rangi ya bluu? Wachina wenyewe walikuwa wameinunua Uajemi zamani. Sasa niambie nani alimwiga nani.

Haya niliyajua mama akiwa hai, akijivunia harusini kwamba limetoka China. Nilinyamaza, nikamwachia furaha yake. Nakiri, lakini situbu.

La pili ulisikie kwangu. Nilipougua homa ya matumbo, Mama Paulo, jirani yangu Mdatoga, mke wa mfugaji, alikuja kuniuguza. Akaleta maziwa, akaona bakuli kabatini, akalisafisha kama wanavyosafisha vibuyu vyao vya maziwa: akalisugua ndani kwa kijinga cha moto. Likapasuka vipande viwili. Nililia, Hamisi. Yeye akavitazama tu.

"Mwalimu, chombo kizee hivi hakijawahi kuonja moto? Mlikilea vibaya."

Nikamwambia lilichomwa tanurini huko lilikotoka. Akasema basi lilisahau.

Alivipeleka vipande kwa fundi baiskeli, fundi akavitoboa taratibu kwa kekee, huku anavimwagia maji. Kisha Mama Paulo akafungua bangili ya waya wa shaba kutoka mkononi mwake mwenyewe, akalishona bakuli kama anavyoshona kibuyu kilichopasuka, akaziba kwa nta. Halivuji.

Mnunuzi wako ataliita bovu. Aliite. Kama Mwajemi aliruhusiwa kuweka mkono wake juu ya kazi ya Mchina, nani anamkataza Mdatoga? Na usiniandikie tena kwamba nawaaibisha kwa kutunzwa na mtu asiye ndugu. Huyu ndiye anayenigeuza kitandani. Bakuli nimempa, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi.

Msalimie mkeo, aliyemuuguza mama hadi mwisho, na shangazi mshona kofia. Binamu yetu mwalimu wa madrasa mwambie bado naswali, ila nimekaa.

Ukija kunizika, Mama Paulo atakukaribisha kwa maziwa ndani ya bakuli hilo. Lipokee kwa mikono miwili, unywe mpaka uwaone korongo wa bluu chini. Kisha mrudishie bakuli lake.

Dada yako,
Zainabu